Msaidizi Anabebeshwa Msala, Kocha Mkuu Anabaki na Timu

Haya ni maneno niliyoongea mbele ya makocha wa vijana na wazazi, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, wengi waliomba wayapate.

Makocha wenzangu, wazazi wetu mliokuja, na nyie vijana mlioacha mazoezi jioni hii mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki mnisikilize, wakubwa shikamooni na wengine habari zenu. Nimepewa mada ya maadili ya kocha na nimeambiwa niende kwa mifano, sasa mifano ninayoijua vizuri ni ya kule ambako kila kijana humu ndani anaota kwenda, yaani kikapu cha vyuo vya Marekani. Nimeichagua makusudi kwasababu kule mambo yameandikwa, kuna ripoti, kuna hukumu za mahakama, kuna sauti zilizorekodiwa, kwa hiyo sio maneno ya kijiweni.

Kabla sijataja jina la mtu niseme ninachoamini, ili mtu asitoke hapa anasema nimewaita makocha wote waliofanikiwa wezi. Sivyo. Ninachosema ni kwamba ukizisoma hizi kesi moja baada ya nyingine, miaka 40 na zaidi, unakuta kauli ya kocha mkubwa ni ileile, sikujua. Na karibu kila mara chini yake unamkuta mtu mwingine, msaidizi, karani, kijana wa miaka 19, ambaye yeye alijua au alilazimishwa ajue, na huyo ndo aliyelipa. Hilo ndo linaloniuma na ndo nimekuja kuliongelea.

Kwa wasiofuatilia sana, michezo ya vyuo kule inasimamiwa na chama kinaitwa NCAA, na kwa miongo mingi msimamo wao ulikuwa kwamba mchezaji ni mwanafunzi, anapewa ada, chakula na pa kulala, basi, hela nyingine yoyote ni kosa. Wakati huohuo mashindano yao ya mwezi wa tatu yanauzwa kwa televisheni kwa hela za kutisha, mkataba wa 2010 peke yake ulikuwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, na kwenye majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote sio gavana, ni kocha wa chuo. Sasa mwaga hela yote hiyo mezani, wakataze vijana walioileta wasiguse hata senti, halafu mwambie kocha ugali wake unategemea hao vijana wachague kuja kwake na sio kwa mwenzake. Mambo yote nitakayowaambia yanaanzia hapo.

Tuanze na mtu tunayemheshimu wote. John Wooden, kocha wa chuo cha UCLA kule Los Angeles, ile Piramidi yake ya Mafanikio tumeiona kwenye semina nyingi, wengine mnayo ukutani. Mataji 10 ndani ya misimu 12, kuanzia 1964 mpaka 1975, saba kati ya hayo mfululizo, na mpaka leo hakuna aliyemsogelea. Lakini pembeni ya ile timu kulikuwa na tajiri mmoja mkandarasi wa majengo, Sam Gilbert, wachezaji wanaenda kwake, anawasaidia wapate nguo na magari kwa bei ya kutupa, baadaye gazeti la Los Angeles Times likayaandika yote. Wooden alistaafu 1975 bila kuguswa. NCAA walikuja 1981, wakaiambia UCLA iachane na Gilbert, na matokeo ya timu iliyofika fainali 1980 chini ya kocha mwingine, Larry Brown, yakafutwa. Mataji ya Wooden yakabaki yalivyo, na mzee mwenyewe baadaye alisema labda aliamini watu kupita kiasi.

Sasa mimi simhukumu marehemu, ila nawauliza kama makocha. Huyu ni mtu ambaye siku ya kwanza ya mazoezi alikuwa anawafundisha wachezaji namna ya kuvaa soksi, kweli kabisa, anawaonyesha jinsi ya kuinyoosha kidoleni na kisiginoni isije ikawatoa malengelenge. Mtu anayeona mkunjo wa soksi, gari jipya la mchezaji ambaye kwao hawana kitu halioni? Kuna kutojua kwa bahati mbaya, na kuna kutojua ambako mtu anajitakia mwenyewe, haulizi, hapiti upande ule, na akishashinda mataji ya kutosha hakuna anayethubutu kumuuliza kwanini hakupita.

Na wakati mwingine bili inafika kocha ameshahama. Kocha John Calipari alikipeleka chuo cha Massachusetts hatua ya timu nne za mwisho 1996, ikaja kufutwa kwasababu mchezaji wake nyota alipokea hela na zawadi za mawakala, wakati huo Calipari yuko zake NBA, ligi ya kulipwa. Akaipeleka Memphis fainali 2008, nayo ikafutwa kwa utata wa mtihani wa kuingilia chuo wa mchezaji, wakati huo Calipari yuko Kentucky, ambako alibeba ubingwa 2012. Kote kuwili yeye hakukutwa na kosa na sisemi analo. Nasema vyuo vilibaki vinashusha bendera ukumbini, na wale vijana wengine 10 na kitu wa kila timu, ambao hawakufanya chochote, mechi zao zinahesabiwa hazikuchezwa.

Nije karibu na nyumbani. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar, alicheza University of Connecticut chini ya Jim Calhoun mpaka 2009 akachaguliwa namba 2 NBA, wote tunajua tulivyofurahi. Ile Machi ya 2009, wakati Thabeet na wenzake wako kwenye mashindano na wakafika hatua ya timu nne, ndo ikatoka habari ya mchezaji mwingine kabisa, Nate Miles, kwamba alipokuwa anashawishiwa kuja chuoni alisaidiwa usafiri, malazi na chakula na wakala ambaye zamani alikuwa meneja wa timu hiyohiyo, na makocha walipiga simu na kutuma meseji kupita zinazoruhusiwa. Thabeet hahusiki, niliweke wazi. Angalia sasa mwisho wake. Watu wawili wa benchi la Calhoun walijiuzulu 2010. Miles alishafukuzwa chuo hata mechi moja hajacheza. Calhoun mwenyewe alifungiwa mechi 3 za ligi, adhabu ikatangazwa Februari 2011, na Aprili 2011 akachukua ubingwa wake wa tatu.

Mechi 3 kwa kocha mkuu, kazi na chuo kwa wale wengine.

Halafu ikaja 2017, tarehe 26 Septemba, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ikakamata watu 10, wanne kati yao makocha wasaidizi: Chuck Person wa Auburn, Tony Bland wa USC, Emanuel Richardson wa Arizona na Lamont Evans wa Oklahoma State. Kosa lao kupokea hela ili wawasukume wachezaji wao kwa mawakala na washauri wa fedha. Wote wanne ni weusi. Richardson na Evans walifungwa miezi 3 kila mmoja, Person na Bland wakapewa kazi za jamii, na wote wanne wakapoteza kazi walizokuwa nazo. Kocha mkuu aliyefikishwa mahakamani kwenye sakata zima ni sifuri. Kwetu tunasema wamekamata dagaa papa wameachwa, na hapa hata nyavu zenyewe zilishonwa kwa saizi ya dagaa, kwasababu waendesha mashtaka walisema mbele ya mahakama kwamba vyuo ndo vilivyodhulumiwa. Vyuo vilivyokuwa vinaingiza mamilioni!

Kwenye kesi hiyohiyo kulikuwa na kijana anaitwa Brian Bowen, familia yake iliahidiwa dola laki moja zenye mkono wa watu wa Adidas ili aende Louisville. Kijana alisema hakujua makubaliano ya baba yake. Hakuja kucheza hata mechi moja ya chuo, sio Louisville sio kwingine, akaishia kwenda kuanza upya Australia. Kocha wake, Rick Pitino, alifukuzwa, ni kweli. Na Louisville hiyohiyo tayari ilikuwa na aibu nyingine, mtu wa benchi la Pitino alikuwa analipa wanawake waje bwenini kwa wachezaji na kwa vijana waliokuja kukitembelea chuo, wengine bado wa sekondari, na kwa hilo ubingwa wa 2013 ukafutwa Februari 2018, mara ya kwanza katika historia ya kikapu cha wanaume. Yule mtu wa benchi alifungiwa miaka 10. Pitino alisema hakujua, akaenda Ugiriki, akarudi, na leo yuko St. John's anashinda. Wachezaji watano wa 2013 ilibidi waende mahakamani kuidai heshima yao na takwimu zao, mmoja wao ndo aliyekuwa mchezaji bora wa ile nusu fainali na fainali.

Najua kuna kocha hapa anajiuliza, sasa wewe unatuambia tufuate kanuni tu? Hapana, na hapa naomba tuelewane vizuri kwasababu ndo pagumu. Kanuni na haki sio kitu kimoja. Kelvin Sampson alipokuwa Oklahoma, yeye na wasaidizi wake walipiga simu zaidi ya 550 ambazo haziruhusiwi kwa wachezaji waliokuwa wanawataka, akaadhibiwa, akahamia Indiana, zikaendelea simu tena, 2008 akaondoka na dola laki saba na nusu za kuvunja mkataba na akapewa adhabu ya miaka 5, ile ambayo chuo chochote kikitaka kukuajiri lazima kikajieleze NCAA kwanza. Miaka minne baadaye, 2012, NCAA wenyewe wakaondoa kikomo cha simu na meseji. Kilichomng'oa mtu kazini kikawa halali. Sampson yuko Houston, 2025 alifika fainali akafungwa na Florida kwa pointi 2.

Na hela za wachezaji ndo hivyohivyo. Kuanzia Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaweza kumlipa moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wote wa chuo. Vijana wangapi waliaibishwa kwa kupokea kidogo sana kuliko hicho? Kwa hiyo mimi mtu akiniambia kocha fulani alimnunulia mchezaji chakula au nauli ya kwenda msibani, moyoni sioni dhambi. Ila hata hapo kuna kitu kimoja hakijawahi kubadilika, uongo. Bruce Pearl, akiwa kocha wa chuo cha Tennessee, alialika nyumbani kwake vijana aliokuwa anawataka waje chuoni, nyama choma tu, kanuni ikiwa hairuhusu. Wachunguzi walipomwonyesha picha akasema nyumba ile haijui, na ilikuwa nyumba yake, na kabla ya hapo alishawaambia vijana na wazazi waliokuwepo kwamba ni kosa wao kuwepo pale, akawaomba wasiseme. Nyama choma isingemfukuzisha kazi, ila alikaa mezani na wachunguzi akadanganya, na akawaingiza watoto wa watu kwenye siri yake.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye kesi ya Baylor, 2003, huko Waco, Texas, kwasababu naona wengi hapa hamuijui. Kocha alikuwa Dave Bliss, mtu wa zaidi ya ushindi 500, ameshafundisha Oklahoma, SMU, New Mexico, anajulikana kama mtu wa dini. Mchezaji wake mmoja, Patrick Dennehy, akapotea mwezi wa sita, na mwezi wa saba wakakuta mwili wake, ameuawa kwa risasi na mchezaji mwenzake. Sasa uchunguzi ulipoanza ikaonekana Dennehy hakuwa na skolashipu, na ada yake ililipwa. Aliyelipa ni Bliss mwenyewe, kinyume cha kanuni.

Sikilizeni alichofanya. Aliwakusanya wachezaji na wasaidizi akawapanga waseme kwamba Dennehy alikuwa anauza madawa ya kulevya, ndo alikopata hela ya ada. Kijana amekufa, hata kuzikwa bado, mama yake analia, na kocha wake anamtengenezea jina la muuza unga, akiwaambia waziwazi kwamba marehemu hataweza kukanusha. Tunalijua hili neno kwa neno kwasababu msaidizi mmoja, Abar Rouse, mgeni kabisa kazini, ana kama miezi miwili tu, alitishiwa atapoteza kazi asiposhirikiana, akanunua kinasa sauti kidogo akakiweka mfukoni akarekodi kila kitu. Mwezi wa nane zile sauti zikawa gazetini. Bliss alishajiuzulu, akapewa ile adhabu ya kujieleza miaka 10.

Na Rouse? Mngetegemea vyuo vigombanie mtu mwaminifu hivyo. Hakuwahi tena kupata kazi ya ukocha kwenye vyuo vya daraja la juu. Mike Krzyzewski, wakati huo kocha wa chuo cha Duke, mmoja wa wakubwa kabisa kwenye huu mchezo, alisema hadharani kwamba msaidizi wake akimrekodi bila yeye kujua hana nafasi kwenye benchi lake. Naelewa anachokisema, hakuna bosi anayetaka kurekodiwa. Lakini mimi hiyo kauli nimeisoma mara nyingi na kila mara inanikasirisha, kwasababu alichorekodi Rouse sio mbinu za mchezo, ni mpango wa kumchafua maiti. Bliss alikuja kupata timu tena, chuo kidogo cha Kikristo, 2015. Rouse hapana. Ukitaka kujua tasnia inaogopa nini, angalia nani aliajiriwa tena kati ya hao wawili.

Kuna kesi nyingine inatuhusu sisi tunaoongea Kiswahili, na hii wengi itawashangaza. North Carolina, chuo cha Michael Jordan, kwa miaka 18, kuanzia 1993 mpaka 2011, kilikuwa na madarasa hewa kwenye idara ya masomo ya Afrika na Waafrika wa Marekani. Hakuna mwalimu, hakuna kipindi, unaandika karatasi moja, anayesahihisha ni karani wa idara ambaye sio mwalimu, anatoa A na B za juu hata bila kuisoma yote. Mkuu wa idara alikuwa Profesa Julius Nyang'oro, ambaye asili yake ni Tanzania. Ripoti ya 2014 ilikuta wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita huko, karibu nusu ya walioandikishwa ni wanamichezo, wa kikapu wakiwemo. Na moja ya hayo madarasa lilikuwa la Kiswahili, wanamichezo walioshindwa lugha wakaruhusiwa kuandika karatasi kwa Kiingereza kuhusu utamaduni wa Waswahili na sharti la lugha likahesabiwa limetimia. Lugha yetu ikatumika kama mlango wa nyuma wa kuwapitisha watoto weusi wa Marekani chuo bila kuwafundisha kitu, na idara iliyoanzishwa kuheshimu Afrika ndo ikafanywa jalala.

Roy Williams, kocha wao wa mataji ya 2005, 2009 na 2017, aliwaambia wachunguzi kwamba aliona wachezaji wake wengi wamejazana idara moja, hakulipenda hilo, akaagiza wasisukumwe huko. Hakukutwa na kosa. Mchezaji wa kikosi cha 2005, Rashad McCants, alisema hadharani 2014 kwamba karatasi zake ziliandikwa na wasaidizi wa masomo na kwamba kocha alijua, Williams akakataa. Oktoba 2017 NCAA wakasema hawana adhabu kwasababu madarasa yale yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote, sio wanamichezo tu. Kwa kanuni ni sawa kabisa. Ila kijana aliahidiwa elimu badala ya mshahara, mshahara hakupata, na elimu nayo ikawa hewa, huyo ameibiwa mara mbili, na hakuna mtu kwenye ile timu ya mabingwa aliyewajibika kwa hilo.

Makocha wenzangu, najua tunafundishia viwanja vya lami vilivyopasuka na ringi zilizopinda, hakuna anayetulipa mamilioni. Lakini mazoea ya kutouliza yanaanza hukuhuku, mchezaji wa miaka 20 ana cheti cha miaka 17 na wewe unajua, kijana haendi shule wiki nzima na jioni unamwona uwanjani unafurahi amewahi. Ukimtuma msaidizi wako akamalizane nalo hilo wewe usije ukaulizwa, umeshaanza.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni, akitokea kocha wa chuo anamtaka mwanangu na huyo kocha alishawahi kuadhibiwa, nimruhusu? Mama, mimi singekataa kwa hilo peke yake. Ningeuliza wachezaji wake wa miaka minne iliyopita wangapi wamemaliza shahada na shahada ya nini, na ningeomba namba ya wawili ambao hawakufika NBA niongee nao mwenyewe. Ningeuliza wasaidizi wake wa zamani wako wapi na waliondokaje. Na akitangulia mtu wa kati na bahasha kabla hujaongea na chuo chenyewe, mwambie arudi nayo. Hizi hela mpya za wachezaji zinawachanganya vijana wetu, kwasababu kijana wa kigeni anakaa kule kwa viza ya mwanafunzi, na hiyo viza inabana sana kazi za malipo, kwa hiyo asisaini mkataba wowote wa hela mpaka ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo na mwanasheria wa uhamiaji wameusoma, hata kocha akisema kila mtu anasaini. Na kama kuna mzazi tayari ana barua ya ofa mkononi abaki tukimaliza, tuisome pamoja mstari kwa mstari, mimi nipo mpaka watufungie ukumbi.